Ejo Ingine

Mwezi uliopita nilirudi Kigoma kumzika mtu niliyekuwa simpendi. Wapo watakaosema marehemu hasemwi vibaya, nami nawajibu kwamba aliyekufa ni yeye, kumbukumbu zangu bado zi hai. Meneja Gervas alizikwa na watu wengi, na baada ya mazishi tuliketi chini ya turubai tukinywa chai ya tangawizi huku wasemaji wakiinuka mmoja baada ya mwingine kumsifu. Mmoja alisema alikuwa mlezi, mwingine mchapakazi. Mwinjilisti mmoja kijana, ambaye mwaka ninaoukumbuka mimi hata hajazaliwa, akasema marehemu alikuwa baba wa wakimbizi. Nikaweka kikombe chini. Hapo akaja Yeremia, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda chetu, sasa anatembelea mkongojo na meno ya mbele hana, akanishika mkono kwa furaha ya kweli kabisa. "Dada fundi! Kumbe bado upo! Unaikumbuka barafu yetu?" Nikamwambia naikumbuka. "Marehemu alikuwa mtu mwema," akasema. "Alikuwa mtu," nikasema. Akacheka sana, akadhani natania kama zamani, akaniagizia kikombe kingine. Usiku wa safari ya kurudi sikuwaza kifo wala sikuwaza dua. Niliwaza paneli yenye kioo kidogo cha kijani, na mtu aliyeitwa Melkiori.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, binti wa Tanga asiyejua Ziwa Tanganyika ila katika ramani, nilipopata kazi kwenye kiwanda cha barafu karibu na Kibirizi, pale boti za kwenda Kagunga na Mwamgongo zinapopakia watu. Ilikuwa miaka ya tisini, Warundi walikuwa wamekwisha kuja kwa wingi, na Wakongo wakawafuata kwa kuvuka ziwa. Mji ulikuwa umechoka na wageni, nami nilikuwa mgeni juu ya wageni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Dukani nilipoagiza sukari waliniuliza kwanza nimetoka wapi, wakisikia Kiswahili changu cha pwani wakalegea, kisha wakanieleza shida zote walizoletewa na wakimbizi kana kwamba mimi ndiye niliyetumwa kuzipokea. Kuni zimekwisha kwa sababu ya wakimbizi. Baiskeli imeibwa, ni wakimbizi. Mvua imechelewa, na hapo pia palikuwa na mtu wa kutikisa kichwa kuelekea makambini. Nilipanga chumba Kasingirima kwa Bi Mwamini, mama wa Kiislamu mwenye sauti ya kumsimamisha askari. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha linalotazama jiko lake la uani, kwa hiyo moshi wake ulikuwa wangu na maongezi yake yalikuwa yangu. Tulikula ugali wa muhogo kwa samaki aina ya migebuka waliokaangwa kwa mawese, na hadi leo nikinusa mawese naanza kusikiliza, kwa maana jikoni pale ndipo nilipojifunza kila kitu ambacho kiwandani walinificha.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la mabati juu ya zege lililolowa mwaka mzima. Chini kulikuwa na kompresa mbili za kugandisha maji, na ukutani, kando yake, paneli ya kuziendesha: sanduku la chuma lenye vitufe na kile kioo cha kijani kilichoandika joto na mgandamizo wa gesi. Juu, kwenye ngazi ya mbao, ilikuwa ofisi ya Meneja, na humo ndimo kompyuta ilimokaa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya harusi. Kompyuta na paneli viliunganishwa kwa waya mmoja mrefu uliopita ukutani. Kompyuta ndiyo iliyoshika mpango wa kazi, na paneli ilikuwa inaiuliza, inajibiwa, inauliza tena, mchana kutwa. Waliofunga mitambo ile walikuwa waangalifu: paneli ikiuliza isipate jibu kwa muda, inazima kompresa zote kwa usalama. Ni mpango mzuri. Tatizo lake ni kwamba waya ule uliwategemea watu, na watu wa pale hawakuwa wakisemezana vizuri hata wao kwa wao.

Melkiori ndiye aliyekaa mbele ya paneli. Alikuwa Mrundi wa milimani, mtu mrefu mwenye shati moja la kola lililofuliwa mpaka likawa halina rangi. Kwao aliwahi kuendesha mitambo ya kukausha chai, na Meneja alimchukua kwa sababu mwendesha mitambo mwingine hakuwepo, na kwa sababu mkimbizi hagombi. Aliruhusiwa kukaa nje ya kambi kwa kibali, nacho kilikuwa kimekwisha muda. Meneja alimwahidi atakwenda kukihuisha, akawa anaahidi kila mwezi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Nyakati zote kwake zilikuwa "na": ninakula, ninakwenda, ninakufa, iwe jana, leo au kesho. Lililomshinda alilichomekea Kirundi, na wenzake Waha, wenyeji wa mkoa ule, ambao lugha yao na Kirundi ni watoto wa mama mmoja, walimwelewa bila shida. Mimi sikumwelewa, nikawa namwomba arudie, naye hakuchoka kurudia. Nilimpenda kwa hilo. Mkewe, Godeliva, alianika dagaa kwenye mchanga jirani na kiwanda, na mchana alimletea maharage kwenye bakuli lenye mfuniko wa sahani. Walikula wamesimama nyuma ya banda. Bwana stoo aliwahi kusema kwamba benchi la chai ni la wafanyakazi, ingawa Melkiori naye alikuwa mfanyakazi.

Siku lilipotokea neno lile tulikuwa kwenye benchi hilohilo, saa ya chai. Meneja alikuwa ameshuka kunywa nasi, jambo alilolifanya akiwa na furaha, na siku hizo alikuwa na furaha kwa sababu alikuwa ametoka Dar es Salaam na kitu kipya ambacho hakutuonyesha. Melkiori akaja kutoka kwenye paneli, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. "Bosi," akasema, "ejo mashine inakataa kusema na kompyuta. Inanyamaza, inazima." Kisha akarudi upesi kwenye kiti chake, maana paneli haikutakiwa kuachwa peke yake. Meneja akatugeukia. "Ejo ndiyo nini?" Mimi sikujua. Wengine waliokuwepo, wanaume wanne watano, wote watu wa mkoa ule, wakaangalia vikombe vyao. Yeremia akapuliza chai yake, akanywa, akasema, "Ejo ni kesho, bosi." Meneja akacheka. "Kumbe tuna nabii! Basi kesho tutaona." Tukacheka wote, nami nikiwemo, kwa sababu ilichekesha.

Kesho yake asubuhi paneli ikanyamaza. Kioo cha kijani kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakipati jibu, kompresa zikazima, banda likawa kimya kwa namna ambayo sijapata kuisikia tangu nifike. Tuliziwasha, zikazima. Tukaziwasha, zikazima tena. Meneja alishuka ngazi, na furaha yote imemtoka usoni. Hakuniuliza mimi fundi. Alikwenda moja kwa moja kwa Melkiori. "Jana uliniambia kesho mashine itakataa. Leo imekataa. Ulijuaje?" Melkiori akamtazama, akatutazama sisi, nikaona anatafuta maneno kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. "Hapana, bosi. Si ejo hii. Ni ejo ingine!" akasema. "Ejo ingine!" Meneja akageuka kwetu sote, sauti imempanda. "Mmesikia? Kumbe alipanga mara mbili!" Hakuna aliyesema neno. Nikisema hakuna, namaanisha kwamba Waha wote waliokuwa pale, ambao tangu utotoni walijua kabisa alichokuwa anasema mtu yule, walifunga midomo yao. Kabla ya mchana askari wawili walikuwa wamemchukua. Neno walilolitumia lilikuwa hujuma, na watu wa umri wangu wanajua uzito wa neno hilo. Siku zile mkimbizi asiye na kibali alikuwa anarudishwa kambini tu. Mhujumu alikuwa anakwenda gerezani, na akitoka huko, akitoka, anavushwa mpaka na kurudishwa kwa wale aliowakimbia.

Meneja akaniita ofisini. "Tafuta alichokata," akasema. Hakusema tafuta tatizo. Nikamwomba niitazame na kompyuta. Akaweka kiganja juu ya kile kitambaa cha kufuma. "Kompyuta hii naitumia mimi. Haina kosa. Ukitaka kubonyeza, bonyeza, lakini sanduku lake usilifungue. Kosa liko chini, alikokaa yule." Nikashuka chini, alikokaa yule. Kwenye kiti chake alikuwa amekwisha kaa shemeji yake Yeremia, kijana aliyeletwa asubuhi hiyohiyo kusaidia, hajui kitufe hata kimoja, amepachika mguu juu ya mguu. Nikafungua paneli. Nikapima waya kwa mita, uzi mmoja mmoja, toka juu hadi chini. Haukuwa umekatwa. Nikauangalia mahali unapopita ukutani, panya hawakuugusa, maji hayakuuingia. Nikahakikisha uzi wa kutuma unaishia kwenye tundu la kupokea na wa kupokea kwenye tundu la kutuma, maana hilo ndilo kosa la kwanza la kila fundi: kuunganisha mdomo kwa mdomo, wote wanasema na hakuna anayesikia. Zilikuwa sawa. Huko nje barafu iliyokwisha gandishwa ilianza kuwa maji, yakapita kwenye mfereji kurudi ziwani, na wachuuzi wa samaki waliokuja na masanduku yao wakasimama getini wakimtukana kila anayetoka. Mwanamke mmoja alinirushia kichwa cha sangara. "Fundi gani wewe! Nenda kwenu!" Nilijipangusa, nikaingia ndani.

Jioni hiyo nilipita kituo cha polisi na ugali. Godeliva alikuwa ameketi ukutani nje na bakuli lake la maharage, amelifunika, hajaruhusiwa kuliingiza. Hakulia. Aliniuliza, kwa Kiswahili chake kidogo ambacho kilikuwa bora kuliko cha mumewe, "Dada fundi, mashine imesema nini?" Nikamwambia bado. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba mashine ilikuwa shahidi ambaye hajafika mahakamani. Nilikasirika njia nzima mpaka Kasingirima. Nilimkasirikia Meneja, nikawakasirikia askari, nikamkasirikia na Melkiori pia kwa kuwa na mdomo usiomsaidia.

Nilijitupa kitandani bila kula, na dirisha langu likanipa lilichokuwa linanipa kila siku. Uani alikuwa amekuja mama mmoja wa Kagunga aliyezoea kumuuzia Bi Mwamini dagaa. Alikuwa analalamika. "Ejo nilipita hapa na dagaa wazuri, wewe hukuwepo, nikawauza huko sokoni." Bi Mwamini akamjibu, "Nilikuwa kwenye maulidi. Kwa nini hukuwaacha?" "Basi ejo nitakuletea wengine," yule mama akasema. Nikainuka kitandani. Nilitoka nje bila viatu. "Mama, umesema ejo nilipita, na tena ejo nitakuletea. Ejo ni lini?" Wakanitazama, wakaangua kicheko. "Mtoto wa pwani!" Bi Mwamini akasema. "Ejo ni jana, na ejo ni kesho. Wenyewe wanajua ipi ni ipi. Ikiwa imeshapita ni jana, ikiwa haijafika ni kesho. Kuna ugumu gani?" Nikamuuliza kama kila mtu hapa anajua hivyo. "Hata kuku wangu." Nikauliza kama Yeremia wa stoo anajua. Akaacha kucheka, akaanza kupangusa mikono kwenye kanga. "Yeremia amezaliwa Mwamgongo, na mama yake katoka ng'ambo ya mpaka. Ameinyonya ejo kwenye maziwa. Kwa nini?" Nikamweleza. Yule mama wa Kagunga akashika kiuno, akasema kitu kwa Kiha ambacho Bi Mwamini alikataa kunitafsiria. Nilichokipata ni kwamba Melkiori alikuwa amemwambia Meneja habari ya jana. Mashine ilikuwa imekataa jana yake, kidogo, ikarudi, na yeye kama mwendesha mitambo mwaminifu alikuwa ametoa taarifa.

Asubuhi nikaingia stoo na kufunga mlango. Yeremia alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha juu ya gazeti. Nimeandika maneno haya mara nyingi katika kichwa changu, na bado nayasikia kwa sauti yake. "Ejo ni jana," nikamwambia. "Ni jana," akasema. "Ulimwambia Meneja ni kesho," nikasema. "Ni kesho pia. Aliniuliza ejo ni nini, nikamwambia. Nilidanganya?" "Ulisema nusu." "Nusu nyingine hakuiuliza." Akanikaribisha muhogo. Nikamuuliza yule mtu amemkosea nini, na hapo ndipo alipoinua macho, na kuna chuki ambayo ukiiona karibu unaona imechoka yenyewe. "Mama yangu ana shamba lililokuwa na miti. Leo hata fimbo ya kumfukuza mbwa huipati. Mjomba wangu ameuawa barabarani na watu wenye bunduki zao. Shemeji yangu amekaa miaka mitatu bila kazi, na kazi ipo, imekaliwa. Wewe ni wa kuja, dada fundi. Utaondoka. Sisi tunabaki nao." Nikasema Melkiori hakukata mti, wala hana bunduki. "Sikusema ni yeye," akajibu, akarudi kwenye muhogo wake.

Nikapanda kwa Meneja na neno langu. Nililieleza vizuri, nikamtaja Bi Mwamini, nikamtaja na mama wa Kagunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rukia, mimi sikukuajiri kama mkalimani. Maneno yana mambo mengi. Niletee mashine." Nilitamani kumtukana, lakini katika hilo alikuwa sahihi bila kujua. Mashine haikuwa na shemeji.

Nikaanza upya. Nikaichomoa paneli, na kwenye ncha ya waya chini nikaunganisha uzi wa kutuma na uzi wa kupokea kwa kipande kifupi cha shaba, ili chochote kitakachotoka kwenye kompyuta kishuke, kigeuke, na kuirudia yenyewe. Nikapanda juu. Meneja alikuwa anatoka kwenda bandarini. Nikamwomba afunge programu zake zote anipishe, akafunga, akaondoka. Nikataka kuandika jina langu. Herufi zikashuka kwa waya moja moja, zikarudi zote sita kwenye kioo cha kompyuta, hazina hitilafu: Fatuma, jina la mama yangu, maana ndilo lililonijia vidoleni badala ya langu. Waya mzima. Kompyuta nzima. Nikarudisha paneli mahali pake, ikauliza, ikajibiwa, na kompresa zikaunguruma banda zima. Wachuuzi getini wakapiga vigelegele. Shemeji wa Yeremia akaruka kwenye kiti kwa hofu. Nilikaa kwenye ngazi nikicheka peke yangu. Kisha Meneja akarudi kutoka bandarini, akapanda, akakaa, na kabla sijamaliza kueleza, chini pakawa kimya tena. "Unaona?" akasema. "Alichokifanya yule kinakuja na kuondoka." Mmoja wa wapakiaji barafu, mzee mtani, akasema kwa sauti huko chini, "Mashine inamwogopa bosi." Walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimesikia ukweli. Mashine ilikufa bosi akiwepo, na ilifufuka bosi akiondoka. Na mimi, nilipofanya jaribio langu, nilimwomba kwanza afunge programu zake.

Nilitazama nyuma ya meza yake, si sanduku, maana sanduku nilikatazwa. Kulikuwa na uzi mweupe, mwembamba, uliotoka kwenye tundu la simu ukutani ukaingia nyuma ya kompyuta. Haukuwepo mwezi uliopita. "Bosi, hii ni nini?" Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza siku zile. Ilikuwa modemu, alikuwa ameinunua Dar na kuichomeka mwenyewe, ili apate barua na faksi za makao makuu bila kutegemea posta. Kiwanda cha kwanza Kigoma, akasema. Nilimuuliza aliichomeka lini. Akaitaja siku iliyotangulia ile ya chai yetu. Siku ile aliijaribu kidogo tu, na asubuhi iliyofuata siku ya chai akaiacha iwe wazi mchana kutwa isubiri simu. Hapo nikaelewa. Kwa mfano wa nyumba ya kupanga ningeieleza hivi: kompyuta zile zilikuwa na milango kadhaa lakini milango miwili ilitumia kengele moja. Paneli ilikuwa inapiga hodi kwenye mlango wake, modemu nayo imeishika kengele ileile haiachii, na mwenye nyumba hasikii mgeni anayegonga. Mpangaji mpya alikuwa amemfungia wa zamani nje.

Nikamwambia, "Bosi, naomba utume barua yako kwa makao makuu, hata ya salamu. Mimi nitakuwa chini." Nikaomba afunge kwanza modemu. Nilishuka, kompresa zikawashwa, zikaunguruma. Wafanyakazi wote walikuwa wamekusanyika, na Yeremia amesimama mlangoni mwa stoo. "Tuma sasa!" nikapaza sauti. Kutoka juu tukasikia modemu ikilia mluzi wake, na kioo cha kijani kikasema hakipati jibu. Kompresa zikazima. "Kata!" Zikarudi. "Tuma!" Zikazima. Nilimfanyisha hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nakiri kwa furaha, maana kila mluzi ulikuwa unasikika mpaka getini. Mwisho akatokea juu ya ngazi. Nilidhani atasema kitu. Aliangalia watu waliokuwa wanamwangalia, akasema, "Basi itengeneze," akarudi ndani na kuvuta mlango. Nikafungua sanduku lililokatazwa, nikahamisha kijipini kimoja cheusi kwenye kadi ya modemu ili ipewe kengele yake. Hiyo ndiyo hujuma nzima. Chai niliyoimimina kabla ya kulifungua sanduku ilikuwa bado ya moto.

Nilisimama mbele yake mpaka alipoinua simu na kupiga kituoni. Nilimsikia akisema si hujuma tena, ilikuwa hitilafu ya kiufundi, ya kiufundi tu. Akasikiliza. Akasema, "Kibali? Hapana, kimekwisha muda. Hilo si la kiwanda." Akaweka simu. Nikamwambia, "Uliahidi kukihuisha." Akasema, "Rukia, umeshinda. Usizidishe." Na nilipokuwa nashuka ngazi mbio nikamwona shemeji wa Yeremia anavuta kiti karibu na paneli, ananiuliza kwa adabu kitufe cha kwanza ni kipi.

Lori la kambi lilikuwa limeegeshwa mbele ya kituo, limejaa nusu, watu waliokusanywa mitaani na sokoni na mafurushi yao. Melkiori alikuwa amesimama nyuma ya lori bila pingu. Shati lake halikuwa na vifungo. Godeliva alikuwa kando yake na bakuli, safari hii limeruhusiwa kuingia, na lilikuwa tupu. Nilimkimbilia askari, nikahema, nikaeleza modemu, nikaeleza kengele, nikaeleza ejo zote mbili. Alikuwa askari mzuri, wa makamo, na alinisubiri nimalize. "Tumeshapigiwa, dada," akasema. "Furahi basi, umemsafisha. Kosa lote limefutwa, jalada limefungwa. Anakwenda kambini bila kosa lolote." Akampigapiga Melkiori begani kama mtu anayepongeza. Melkiori akatabasamu, kwa sababu alikuwa mtu wa kutabasamu akisemeshwa vizuri, akaniinamia kidogo, akinipa mikono yote miwili. "Asante, dada fundi. Unanisaidia sana."

Godeliva, kana kwamba hakuamini alichosikia, akauliza kwa Kirundi askari amesema nini. Mumewe akamweleza taratibu, akinionyesha mimi, akionyesha upande wa ziwa kilipo kiwanda. Mama yule akasikiliza yote, akahamisha bakuli toka mkono mmoja kwenda mwingine, akamgeukia askari, akamuuliza kwa kile Kiswahili chake ambacho kilikuwa bora kuliko cha mumewe:

"Kama hana kosa, tunapandia nini lori hili?"

Askari hakuwa na hasira. Alitazama chini, akamtazama dereva, halafu akamnyooshea mkono kwa heshima ili amsaidie kupanda.